Mzigo wa mzazi na simu iliyo mkononi

SOMO LA VIKUNDI

Katika kutembelea vikundi tumezoea kuzungumza juu ya ng'ombe wa maziwa, matangi ya maji na meri-go-raundi. Lakini mara nyingi, kikao kikishafungwa, kuna mama mmoja anayebaki nyuma akikunja leso yake polepole. Tunajua ana neno. Neno lenyewe si la ng'ombe, ni la nyumbani. Kwa hiyo safari hii tumeamua kulifanya neno hilo kuwa somo.

Tukimaliza, kila mwanakikundi aweze: kutambua dalili za mzazi aliyezidiwa, kueleza ushauri nasaha wa kwa simu ni nini na si nini, kuutumia bila kupoteza siri wala pesa, na kujua wakati ambapo simu haitoshi.

Muda: saa moja na nusu. Vitu vya kutayarisha: simu moja, karatasi kubwa na kalamu ya wino mzito. Kiongozi asome somo lote kabla ya siku ya mkutano.

1. IGIZO FUPI

Chagueni watu watatu: mama, binti wa Gredi 8, na jirani. Waigize hivi.

Ni saa moja jioni. Mama ametoka kuchuma majani chai tangu asubuhi na mgongo unamuuma. Anawasha moto, kuni ni mbichi, moshi umejaa jikoni. Binti anaingia na barua ya shule: pesa ya chakula cha mchana na ya mitihani inatakiwa kufikia Ijumaa. Mama anauliza, "Baba yako amekuja?" Binti anasema, "Nimemwona sokoni, amekaa na wenzake." Mama ananyamaza. Mtoto mdogo analia. Binti anageuka kumchukua, anagonga sufuria, maziwa yote yanamwagika motoni. Hayo ndiyo maziwa yaliyobaki. Mama anainua mwiko juu.

Wakati huo huo jirani anabisha hodi. Amekuja kuchukua mchango wa meri-go-raundi. Anamwona mama mwiko ukiwa juu na binti amejikunyata ukutani. Anauliza, "Mama, kuna shida?" Mama anashusha mkono, anatabasamu, anasema, "Aa, hakuna. Tuko sawa tu."

Igizo liishie hapo. Msicheke haraka, kaeni kimya kidogo. Halafu kiongozi aulize:

- Mmeona nini?
- Mama alikuwa akisikia nini moyoni? Na binti je?
- Kwa nini mama alisema "tuko sawa"?
- Je, mambo kama haya hutokea kwetu?
- Kama jirani hangebisha, nini kingefuata?

Waacheni watu wajibu kwa lugha yao, Kimeru, Kiembu au Kimbeere. Msimlazimishe mtu yeyote aeleze ya nyumbani kwake. Tunazungumza juu ya mama wa igizo.

2. MZIGO UMETOKA WAPI?

Wengine husema wazazi wa siku hizi wamekuwa wavivu wa kuvumilia. Sisi hatukubali. Tuangalie yaliyopita hapa kwetu katika miaka michache tu.

Mwezi wa Juni 2014 Uingereza ilifunga soko la miraa, na nyumba nyingi za Igembe na Tigania zikaona karo ikipotea mara moja. Machi 2020 Somalia nayo ikafunga, na haikufungua hadi Julai 2022. Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku muguka, na watu wa Mbeere wakakosa usingizi hata kabla ya mahakama kusimamisha amri hizo. Mei 2014 pombe yenye sumu iliua watu wengi katika Embu na kuacha wajane na mayatima. Halafu ikaja korona: shule zilifungwa Machi 2020, na watoto wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Tangu hapo tumekuwa na mtaala mpya ambao mzazi anatakiwa kusaidia kazi ambazo yeye mwenyewe hakufundishwa.

Na kuna jambo lingine ambalo hatulisemi sana. Zamani mzazi hakulea peke yake. Mtoto akikasirishwa kwa mama yake alikimbilia kwa shosho. Wavulana wa Meru walifundishwa na wakubwa wao katika gaaru. Mume na mke wakigombana, wazee waliitwa. Leo kila nyumba ina mlango wake na kufuli yake. Shosho yuko mbali, au ndiye anayelea wajukuu peke yake huku wazazi wako Nairobi. Mzigo umeongezeka na wabebaji wamepungua.

Kwa hiyo mzazi aliyezidiwa si mzazi mbaya. Ni mtu aliyebeba gunia la watu wanne.

3. DALILI ZA KUZIDIWA

Mwili unapoona hatari hujitayarisha kupigana au kukimbia. Moyo unapiga haraka, pumzi inakuwa fupi, mikono inakaza. Hiyo ni kazi nzuri kama umekutana na ndovu akishuka kutoka msituni. Lakini mwili haujui tofauti ya ndovu na barua ya shule. Kama kila siku ina barua yake, mwili haupumziki, na hasira inakuwa karibu kama kiberiti.

Andikeni dalili hizi kwenye karatasi kubwa:

- Kukosa usingizi, au kuamka saa tisa usiku ukihesabu madeni.
- Kuumwa kichwa, mgongo au tumbo mara kwa mara, na hospitali haioni ugonjwa.
- Kukasirika kwa jambo dogo, kisha kujuta sana.
- Kutosikia furaha hata kwa yale uliyopenda, kama kwaya au mkutano wa kikundi.
- Kunywa pombe ili kusahau. Hii huwapata akina baba sana, lakini si wao tu.
- Kuona watoto ni mzigo, au kuwaza kwamba heri usingekuwako.

Mtu mwenye dalili moja kwa siku mbili ni binadamu tu. Mwenye kadhaa kwa wiki mbili au zaidi anahitaji mtu wa kumsikiliza. Hii ya mwisho, ya kuona heri usingekuwako, haingoji wiki mbili. Hiyo ni ya leo.

Tuseme pia jambo la dakika ile ya mwiko. Mkono ukiwa juu, weka mwiko chini, toka nje ya mlango, vuta pumzi polepole na uitoe polepole mara tano. Kama ni mtoto mchanga anayelia bila kunyamaza, mlaze mahali salama, toka dakika chache, rudi. Mtoto mchanga hatikiswi kamwe, maana ubongo wake unaweza kuumia asipone. Kutoka nje si kushindwa. Ni wewe umekataa kushindwa na hasira.

4. USHAURI WA KWA SIMU NI NINI?

Wengi wetu tulisikia neno "ushauri nasaha" mara ya kwanza katika vituo vya VCT, wakati wa kupimwa virusi vya ukimwi. Tukadhani ni jambo la wagonjwa. Si hivyo. Ushauri nasaha ni mazungumzo na mtu aliyefundishwa kusikiliza, anayekusaidia kupanga mawazo yako mwenyewe hadi uone njia. Wa kwa simu ni huo huo, ila yeye yuko mbali na wewe uko nyuma ya zizi. Wengine huutoa kwa sauti, wengine kwa kuandikiana ujumbe, wengine kwa intaneti mkionana nyuso.

Jambo hili halikuanza jana, na lilianzia kanisani. Katika mwaka wa 1935 kasisi kijana wa Uingereza, Chad Varah, alimzika msichana mdogo aliyejiua. Msichana huyo alikuwa ameanza kupata hedhi, akadhani ni ugonjwa mbaya, na hakuwa na mtu wa kumwuliza. Kasisi hakusahau kaburi hilo. Mwaka wa 1953, akiwa katika kanisa la St Stephen Walbrook huko London, alianza huduma ya simu kwa watu waliokata tamaa. Ikawa hivi: watu wengi walikuja, naye akapata wasaidizi wa kujitolea wa kuwapokea na kuwapa chai wakingoja zamu yao. Kumbe wengi walipokwisha kuzungumza na wale wa chai, walisikia nafuu wakaenda zao bila kumwona kasisi. Hapo ndipo alipojua kwamba kusikilizwa kwenyewe ni dawa. Huduma hiyo inaitwa Samaritans, na mfano wake umefika nchi nyingi, pamoja na yetu.

Tuangalie tofauti hizi.

Mshauri husikiliza; hakuhukumu. Hatasema "wewe ni mama gani?"
Mshauri huuliza, hakuamulii. Hatakuambia uondoke kwa mume wala ubaki.
Mshauri hutunza siri. Lakini kama uhai wa mtu au wa mtoto uko hatarini, anaweza kulazimika kuita msaada. Mwulize mapema.
Mshauri hatumi karo wala unga. Anaweza kukuelekeza kwa ofisi inayohusika.

Wengine wametuuliza, je, kumpigia mshauri si kukosa imani? Tunawajibu kwa swali: ng'ombe akiugua unaomba, na daktari wa mifugo unamwita pia, si ndiyo? Hata Musa alisikiliza ushauri wa baba mkwe wake Yethro alipokuwa akichoka kuamua kesi za watu peke yake tangu asubuhi hadi jioni. Soma Kutoka sura ya 18.

5. MFANO WA SIMU YA KWANZA

Watu wengi hawapigi kwa sababu hawajui wataanza namna gani. Tumetunga mfano huu ili msikie. Wawili wausome kwa sauti.

MSHAURI: Habari ya jioni. Umefika mahali pa kusikilizwa. Uko mahali unaweza kuongea?
MAMA: Niko nyuma ya zizi. Watu wako ndani.
MSHAURI: Sawa. Ungependa nikuite nani?
MAMA: Niite Mama tu.
MSHAURI: Karibu, Mama. Nakusikiliza.
MAMA: (ananyamaza) Sijui hata nianzie wapi.
MSHAURI: Anzia popote. Hata kwa jambo la leo.
MAMA: Leo nilitaka kumpiga msichana wangu na mwiko. Si kumpiga ya kawaida. Nilisikia kama... nikianza sitasimama.
MSHAURI: Na hukuanza.
MAMA: Jirani alikuja.
MSHAURI: Pole, Mama. Hiyo ni kuogopesha. Saa hii msichana yuko wapi? Yuko salama?
MAMA: Yuko ndani na mdogo wake. Hawezi hata kuniangalia.
MSHAURI: Na wewe, tangu asubuhi umekula nini?
MAMA: Chai. Ya saa kumi na mbili.
MSHAURI: Umekuwa kwa kazi mchana wote na chai ya saa kumi na mbili. Hebu niambie, kitu gani kinakulemea zaidi saa hii?
MAMA: Ni ile pesa ya shule. Na baba yao, hasaidii. Na hakuna mtu naweza kuambia. Nikiambia dada yangu itafika kwa mama mkwe kabla ya kesho.
MSHAURI: Kuna pesa ya Ijumaa, kuna baba yao, na kuna msichana aliye ndani. Yote hatuwezi kumaliza leo. Ni gani ungetaka tuanze nayo usiku huu?
MAMA: (polepole) Msichana.
MSHAURI: Ungetaka ajue nini kabla alale?
MAMA: Kwamba si yeye. Ni mimi nimechoka. Lakini mzazi kumwomba mtoto msamaha, hata huonekana namna gani?
MSHAURI: Wewe waonaje? Wewe ungekuwa yeye, ungesikiaje?
MAMA: ... Ningelala.

Simamisheni hapo. Kiongozi aulize: mshauri alitoa mashauri mangapi? Mtaona karibu hakutoa hata moja. Aliuliza kama watu wako salama, akauliza kama mama amekula, akamsaidia kutenganisha mizigo mitatu, akamwacha achague mmoja. Njia ilitoka kwa mama mwenyewe. Mkisikia mtu anayejiita mshauri akihubiri dakika ishirini bila kukupa nafasi, huyo bado hajawa mshauri.

Kabla ya kupiga simu, jitayarishe hivi: chagua saa ambayo hutasumbuliwa, chaji simu, fikiria jambo moja unalotaka kuanza nalo, uliza lugha unayoweza kuongea vizuri. Kulia si kosa, wanaosikiliza wamezoea. Na ukipiga mara ya kwanza usisikie nafuu, jaribu siku nyingine. Mshauri mmoja na mwingine si sawa.

6. NAMBA ZA KUKUMBUKA

Hizi ni fupi na kuzipiga ni bure, hata kama huna kredo.

116 ni ya watoto, Childline Kenya, mchana na usiku. Mtoto anaweza kupiga mwenyewe, na mzazi au jirani anaweza kupiga kwa ajili ya mtoto: kupigwa, kutendewa ubaya, kutoroka, au malezi tu yaliyokushinda.

1195 ni ya dhuluma za nyumbani na za kijinsia. Ni ya wanawake, na wanaume pia.

1199 ni ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Husikiliza mtu mwenye dhiki ya moyo, na ilitumiwa na watu wengi wakati wa korona.

Katibu wa kikundi apige kila namba kabla haijabandikwa ukutani, aulize wanatumia lugha gani. Afanye haraka, akate, asiwazuilie wenye shida. Halafu namba ziandikwe kwa kinu cha posho, choo cha wanawake kanisani, na mahali pa bodaboda. Usiziandike mahali ambapo mtu akisimama kusoma atajulikana ana shida.

7. TAHADHARI: PESA NA SIRI

Mbali na hizi za bure, kuna washauri wa kulipwa wanaotumia simu na intaneti. Wengi ni wazuri. Lakini palipo na maji pana vyura.

Kwanza, uliza amesajiliwa wapi. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inataka mtu anayefanya kazi hiyo asajiliwe na bodi yake. Aliyesajiliwa hakasiriki akiulizwa.

Pili, uliza bei na muda kabla hujatuma M-Pesa. Asiyekubali kutaja bei, au anayetaka "pesa ya kufungua faili" kwa haraka, mwache. Mshauri haombi namba yako ya siri hata siku moja. Na anayeahidi kumrudisha mume kwa siku tatu si mshauri, huyo unajua ni nani.

Tatu, siri. Kama simu ni moja nyumbani, simu uliyopiga itaonekana kwenye orodha, hata kama ilikuwa ya bure. Kama uko na mtu mkali, futa namba hiyo ukimaliza, au tumia simu ya mtu unayemwamini. Usiandike mambo ya nyumba yako katika kikundi cha WhatsApp. Kikundi kina watu mia moja, na ujumbe ukishaenda haurudi. Picha ya mtoto aliyepigwa haisambazwi, hata kwa nia ya kumsaidia. Tunayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, lakini sheria haiwezi kufuta yaliyokwisha kusomwa na kijiji kizima.

8. WAKATI SIMU HAITOSHI

Simu ni mlango. Kuna siku lazima miguu itembee.

Mtoto aliyeumizwa au kunajisiwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na ikiwezekana kabla ya saa 72 kwisha, maana dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hazisaidii baada ya hapo. Asiogeshwe kwanza. Taarifa ipelekwe polisi na kwa afisa wa watoto. Jambo hili halimalizwi na wazee kwa mbuzi.

Mama aliyejifungua karibuni na halali, hataki kumwona mtoto, au anasikia sauti, apelekwe hospitali. Si mapepo wala si ukaidi. Ni ugonjwa unaotibika.

Anayesema anataka kufa asiachwe peke yake. Mwulize wazi wazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpi wazo hilo, kunamfungulia mlango wa kusema. Dawa za kunyunyizia kahawa na nyanya zitolewe nyumbani, zifungiwe kwa jirani. Mpigieni simu 1199 mkiwa naye, kisha mpelekeni hospitali. Kwa miaka mingi watu walificha mambo haya kwa sababu kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu hicho cha sheria ni kinyume cha Katiba. Basi msimfiche mgonjwa kwa kuogopa pingu.

Kwa mambo yasiyo ya dharura, anza na mhudumu wa afya wa kijiji chenu. Tangu Septemba 2023 wahudumu hao wako kote nchini, karibu 100,000, na wanatembelea nyumba kwa nyumba. Anaweza kukuandikia uende zahanati, na kutoka hapo hospitali kubwa kama ile ya Embu au ya Meru.

9. KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI?

Hapa ndipo tunataka mkae kidogo. Mtu mwingine atasema, "Sisi si madaktari." Ni kweli. Lakini sikieni yaliyofanyika kwa jirani zetu.

Zimbabwe ina madaktari wachache sana wa akili. Mmoja wao, Dixon Chibanda, alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina shosho wa mtaa wa Mbare, Harare, kusikiliza watu wenye mawazo mengi. Wanakaa na mtu kwenye benchi ya mbao nje ya zahanati. Wanamsaidia kutaja shida zake, kuchagua moja, na kupanga hatua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi hilo walipona zaidi ya wale waliopata huduma ya kawaida.

Hapa Kenya, wahudumu wa afya wa mitaa ya Nairobi walifundishwa njia kama hiyo, wakakutana mara tano tano na akina mama waliokuwa na dhiki, wengi wao walioteswa nyumbani. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha dhiki yao ilipungua. Hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa mtaa waliofundishwa vizuri na kusimamiwa.

Tumeona mambo manne ambayo kikundi cha kawaida kinaweza kuanza.

Moja, wachagueni wasikilizaji wawili, mwanamume na mwanamke. Si lazima wawe wenye cheo. Chagueni wale ambao watu tayari huwaendea. Wakipatikana, waombeni wafundishwe kupitia parokia au ofisi ya afya ya kaunti. Kabla ya kufundishwa, kazi yao ni kusikiliza na kuelekeza tu.

Mbili, wekeni sheria ya siri. Mwanachama anayetoa neno la mwenzake nje atozwe faini kama yule anayechelewesha mkopo. Bila sheria hii, hata namba za simu hazitafaa, maana watu wataendelea kusema "tuko sawa".

Tatu, sanduku la hewani. Shilingi chache kutoka kila kikao zinunue kredo na bando kwa mwanachama anayehitaji kuzungumza na mshauri. Haulizwi ni ya nini.

Nne, wakati wa mtoto. Wakati wa korona mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walisambaza mashauri kwa wazazi. La kwanza ni rahisi: kila siku, dakika 20 na mtoto mmoja, bila simu mkononi, yeye achague mtakachofanya. Kwetu inaweza kuwa kukamua naye, au kutembea naye kuteka maji. Mtoto mnayezungumza naye siku za amani atakusikia siku ya ugomvi, na hutahitaji mwiko. Akina baba, hili ni lenu pia. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema mtoto ana haki ya kulindwa asidhulumiwe, na kwamba mama na baba wana wajibu sawa, wakiwa wameoana au la. Haikusema baba ni wa karo na mama ni wa yaliyobaki.

10. MASWALI NA KAZI YA NYUMBANI

Gawanyikeni watu watano watano.

1. Hapa kwetu, mzazi aliyezidiwa huenda kwa nani sasa? Kwa nini huyo?
2. Ni nini kingemzuia mtu wa kikundi chetu kupiga namba hizi? Aibu, kredo, mtandao, lugha, au mume?
3. Akina baba wana mahali gani pa kusema wamechoka, mbali na baa?
4. Tutajuaje, baada ya miezi mitatu, kwamba somo hili limesaidia?

Kazi: kabla ya kikao kijacho kila mmoja amtembelee mzazi mmoja, si kwa mchango wala kwa habari za kikundi. Ukikaribishwa, kaa. Ukiulizwa umeleta nini, sema umekuja kuwaona.

Mwisho, rudieni igizo letu. Safari hii jirani asiondoke. Mama akisema "tuko sawa tu," jirani amchukue mtoto mdogo anayelia, akae kwenye kigoda, aseme, "Mchango unaweza kungoja. Wewe umeshindaje leo?" Halafu mama aendelee mwenyewe, bila kuandikiwa maneno. Mtashangaa atakayosema.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Tusingoje kilio. Tuandikieni mtueleze kikundi chenu kilifanya nini, bila kutaja majina ya wenye shida, ili wengine wajifunze kwenu.